Dala: Usanifu na Historia ya Boma la Wajaluo Ukingoni mwa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi aliyesoma riwaya za Kiingereza za karne ya 19 huzoea mapema kuiona nyumba ikiwa mhusika kamili. Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Pride and Prejudice, iliyotoka mwaka 1813, mzee Bennet amejaliwa mabinti watano bila mwana wa kiume, na kwa sababu hiyo nyumba wanamoishi imekwisha kuandikiwa binamu atakayekuwa na haki ya kuwatoa siku baba akifariki. Hofu hiyo ndiyo inayoisukuma hadithi. Nyumba za namna hiyo, zilizojengwa kwa mawe katikati ya mashamba makubwa na kurithiwa kizazi baada ya kizazi, zimeandikiwa vitabu vingi mno: nani aliichora, ubavu upi uliongezwa lini, picha ya babu yupi imetundikwa katika ukumbi upi.

Mtu akiuliza ukanda wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya una nini cha kulinganishwa na nyumba hizo, aghalabu hujibiwa kwa kimya, au huonyeshwa majengo ya mkoloni yaliyosalia Kisumu tangu reli ilipofika hapo mwezi Desemba 1901, wakati bandari hiyo ilipoitwa Port Florence. Kwamba watu waliokuwa wakiishi ukingoni mwa ziwa kabla ya reli nao walikuwa na usanifu wenye historia ni jambo ambalo bado linahitaji kusemwa waziwazi. Katika mazungumzo ya kila siku makao yao hupewa jina moja tu, vibanda vya nyasi, kana kwamba kila familia ilijikusanyia fito na majani ikajibanza popote. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba dala, yaani boma la Wajaluo, ni jengo lenye mpango mkali kuliko majumba mengi ya mawe, ila mpango huo haukai ukutani. Unakaa katika utaratibu wa nani yuko wapi, nani amemtangulia nani, na nani atatoka lini.

Kulisoma boma kutoka langoni

Mahali pepesi pa kuanzia ni Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Ndani ya uwanja wake kuna onyesho liitwalo Ber-gi-dala, boma zima la ukubwa wa kawaida lililojengwa kwa msaada wa UNESCO. Mwenye boma ni wa kubuniwa, lakini ana wake watatu, kila mmoja na nyumba yake. Ana mwana wa kwanza mwenye nyumba yake. Ana ghala na mazizi. Mgeni asiyejua huzunguka akiona nyumba kadhaa za udongo zinazofanana. Anayejua husoma.

Kusoma kunaanzia langoni, mahali paitwapo rangach. Boma la jadi huzungushiwa ua wa mimea hai, hasa ojuok, ambao kwa Kiswahili ni mnyaa: mti usio na majani ya maana, wenye utomvu mweupe unaochoma macho, usiopendwa na ng'ombe na usiokufa upesi kwa ukame. Moja kwa moja mkabala na lango, upande wa ndani kabisa na aghalabu sehemu ya juu ya mwinamo, ndipo ilipo nyumba ya mikayi, mke wa kwanza. Nyumba ya mke wa pili, nyachira, hukaa upande mmoja wa nyumba hiyo, na ya mke wa tatu, reru, upande wa pili. Wake wakiongezeka, nyumba hupishana vivyo hivyo, huku na huku. Wana wa kiume wakibalehe hujenga karibu na lango nyumba ziitwazo simba, nao pia hupishana: wa kwanza upande huu, wa pili upande ule. (Neno simba hapa halitokani na mnyama, ingawa mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kutabasamu, maana vijana hao ndio walinzi wa lango.) Katikati ya uwanja kuna zizi la ng'ombe, na karibu na zizi kuna duol, nyumba ndogo ya mwenye boma, ambamo wanaume waliota moto jioni, wakala pamoja na kuamua mashauri. Upande wa nyuma huachwa kijilango kidogo kiitwacho rot, cha kutokea panapokuwa na dharura.

Mtu aliyekulia katika utamaduni huo akisimama langoni kwa dakika moja anaweza kueleza mwenye boma ana wake wangapi, yupi alitangulia, na wana wangapi wamefikia umri wa kuoa. Akiinua macho anaweza pia kujua kama mwenye boma yu hai, kwa maana kijiti kilichochongoka kiitwacho osuri, kinachochomoza katika kilele cha paa, huondolewa mwenyewe akifariki. Waingereza nao hupandisha bendera juu ya kasri kuonyesha kwamba mfalme yupo ndani. Tofauti ni kwamba bendera hushuka mfalme akisafiri, ilhali osuri hushuka mara moja tu.

Nyumba yenyewe ni mviringo wa nguzo na fito zilizokandikwa udongo, na paa la nyasi lenye umbo la pia. Paa hilo hushuka likapita ukuta, nguzo za nje zikalipokea, na hapo likazaa baraza liitwalo agola. Mswahili wa pwani anayejua maana ya baraza katika nyumba ya Lamu hatapata shida kuielewa agola: ni mahali pa kumpokea mtu ambaye si mgeni kabisa wala si wa ndani.

Uzito wa nafasi ya mikayi umeandikwa hata juu ya ardhi yenyewe. Kiasi cha kilomita 30 magharibi mwa Kisumu, katika eneo la Seme kando ya njia iendayo Bondo, kuna rundo la majabali makubwa yaliyopandana hadi kimo cha mita 40 hivi. Wenyeji huliita Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza. Watu waliotazama majabali hayo wangeweza kuyaita jina la shujaa, la mungu au la mnyama. Waliyapa jina la nafasi katika boma.

Chumba cha fasihi

Iko nyumba moja ndani ya dala ambayo wasomaji wa jarida hili hawana budi kuitazama kwa jicho la pekee, nayo ni siwindhe. Hiyo ilikuwa nyumba ya mwanamke mzee, aliyeitwa pim, ambamo watoto walilala wakilelewa naye: wavulana hadi walipokua wakahamia kwa wanaume, na wasichana hadi walipokaribia kuolewa. Humo ndimo zilimotolewa ngano, vitendawili, methali, nasaba na mafunzo ya unyumba. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, waliouchunguza kwa kina utamaduni wa Siaya, walisisitiza jambo ambalo ni rahisi kulikosa: mara nyingi pim hakuwa wa ukoo wa mwenye boma. Alikuwa ametoka kwingine, na alikuja na hadithi za huko.

Jambo hili lina athari kwa namna fasihi simulizi inavyofundishwa. Vitabu vingi vya kiada huifafanua kwa kutaja mtambaji, hadhira, wakati wa usiku na moto unaowaka, kisha hupita. Mahali huwa pambo tu. Lakini katika dala mahali palijengwa. Kulikuwa na chumba maalumu cha utambaji kama vile katika jumba la Kiingereza kulivyokuwa na maktaba, na aliyekitawala alikuwa mgeni ndani ya ukoo ambaye hakuwa na maslahi katika ugomvi wa nyumba ya mikayi na ya nyachira. Ndiyo maana aliweza kuwasimulia watoto wa nyumba zote sawia. Shule za bweni zilipoenea, kuanzia misheni kama ya Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906, mabweni yaliwachukua watoto hao usiku, na siwindhe ikabaki bila wasikilizaji. Marehemu Asenath Bole Odaga, aliyekusanya na kuchapisha hadithi nyingi za Kijaluo na kuanzisha kampuni ya Lake Publishers mjini Kisumu, kwa hakika alikuwa akiokoa yaliyomo katika chumba ambacho watu walikuwa wameacha kukijenga.

Kifungua mimba hutoka, kitinda mimba hubaki

Katika jumba la Kiingereza kifungua mimba wa kiume hurithi. Ndugu zake hutafutiwa jeshi, kanisa au safari ya makoloni, na nyumba hubaki nzima. Dala hufuata njia iliyo kinyume kabisa. Kifungua mimba ndiye wa kwanza kutoka. Akishaoa, akapata watoto na akawa tayari kujitegemea, huanzisha boma lake, kisha nduguye wa pili hufuata, kisha wa tatu, kila mmoja kwa zamu yake na bila kumruka aliyemtangulia. Anayebaki katika boma la baba ni kitinda mimba, na yeye ndiye mrithi wa makao ya wazazi.

Kuanzisha boma huitwa goyo dala, na ni kitendo cha ujenzi na cha ibada kwa pamoja. Asubuhi ya siku hiyo mwanamume huondoka katika boma la baba akifuatana na baba yake, au ndugu wa baba yake iwapo baba amefariki. Jogoo, shoka na moto lazima viwemo katika msafara: mwana wa kwanza hubeba shoka, na mke wa kwanza huchukua moto. Nyumba ya kwanza husimamishwa siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni dhaifu, na usiku wake lazima ilaliwe. Baadaye itajengwa nyingine iliyo bora. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alizihifadhi kwa maandishi desturi za namna hii katika kitabu chake cha Kijaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, kilichochapishwa mwaka 1938, na kitabu hicho bado hurejelewa na watu wanapobishania utaratibu.

Aliyekwisha kuanzisha boma hatakiwi tena kurudi kulala katika simba yake ya zamani. Nyumba hiyo haina kazi tena, huachwa ianguke. Kwa hiyo dala halisi haina umri mmoja. Daima upande mmoja unabomoka na mwingine unajengwa, na uchakavu wake si dalili ya uzembe. Nyumba iliyoachwa na mwana kando ya lango ni ushahidi kwamba mwana amekuwa mtu mzima.

Tofauti hii inaonekana vizuri zaidi kwa kutazama jumba la Kiingereza la kweli lililojengwa katika ardhi ya Kenya, mbali kidogo na ziwa. Maurice Egerton, bwana wa nne wa Tatton, alianza kujenga kasri lake la mawe huko Njoro, karibu na Nakuru, mwaka 1938, na kazi ikamalizika mwaka 1954. Nyumba ya ukoo wake ilikuwa Tatton Park, katika jimbo la Cheshire. Alifariki mwaka 1958 bila mtoto. Cheo kikafa pamoja naye, Tatton Park ikaachiwa shirika la uhifadhi la National Trust, na kasri la Njoro leo liko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Egerton, ambako watalii huingia kwa kiingilio. Nyumba zote mbili zimesimama imara, lakini hakuna Egerton ndani yake. Boma la udongo la mtu wa Seme aliyeishi wakati huo huo yamkini halina hata alama ardhini, ilhali wajukuu wake wanajua ni nani kati yao anayepaswa kujenga kwanza.

Hata hivyo mpango huu una dosari yake, na kuipita kimya ni kutoutendea haki. Katika mchoro wote huu binti hana mahali. Ndugu zake wana simba kando ya lango. Yeye ana nafasi ya kulala katika siwindhe hadi aolewe, kisha nyumba katika boma la ukoo mwingine. Akifariki kabla ya kuolewa, desturi humzika nje ya ua. Usanifu unaomwambia kila mwana wa kiume kwa usahihi wa ajabu mahali anapostahili, humwambia dada yake kwa usahihi ule ule kwamba yeye ni mpita njia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imepiga marufuku ubaguzi wa kijinsia, na wapo mabinti wanaodai sehemu yao ya ardhi ya baba. Ugumu wanaokutana nao unahusu sheria, lakini unahusu pia ramani: wazee huuliza, je, nyumba yake itakaa wapi?

Boma lililogeuka jiwe

Huenda msomaji akasema kwamba udongo na nyasi haviwezi kubeba hoja ya usanifu, kwa kuwa hakuna kinachobaki cha kupimwa. Jibu lipo upande wa kusini, katika Kaunti ya Migori, kaskazini magharibi mwa mji wa Migori na si mbali na Macalder. Hapo kuna Thimlich Ohinga, mkusanyiko wa maboma ya mawe yanayokadiriwa kujengwa tangu karne ya 16. Ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta. Thimlich hurejelea msitu mzito wa kutisha uliopazunguka. Maboma makuu yana majina ya watu: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch.

Kuta zake zimejengwa bila udongo, chokaa wala saruji. Mafundi walipanga nyuso mbili za mawe, ya nje na ya ndani, wakajaza katikati mawe madogo, na kuyafunganisha yote kwa uzito wake yenyewe. Kuta hizo zina unene wa wastani wa mita 1, na baadhi ya sehemu zake zinapita kimo cha mita 4. Mawe hayakuchongwa, yalichaguliwa. Yeyote aliyewahi kujaribu kupanga mawe yasiyo na umbo hadi yafike kimo cha kifua chake bila kuporomoka ataelewa ujuzi uliohitajika. Milango ni mifupi na myembamba kwa makusudi: anayeingia huinama, na aliyeinama hawezi kutupa mkuki. Chini ya kuta kumeachwa matundu ya kupitishia maji ya mvua. Ndani kuna alama za mazizi, za misingi ya nyumba na mawe ya kusagia nafaka, na pana mahali palipofanyiwa kazi ya uhunzi.

Thimlich Ohinga si ajabu iliyojitokeza peke yake. Watafiti wamehesabu katika eneo la Nyanza ya Kusini maeneo 138 yenye miundo ya mawe 521 ya aina hii, na mwanaakiolojia Isaya Onjala ni miongoni mwa waliotumia miaka mingi kuyachunguza. Upande wa Siaya, ambako mawe ni haba, kulikuwa na mabomwa ya aina nyingine, yaani gunda bur, yaliyozungushiwa mahandaki na tuta za udongo. Jamii zilizoishi ndani ya kuta za Thimlich Ohinga hazikuwa moja wala za lugha moja. Wabantu na Waniloti walipokezana hapo, kila kundi likikarabati kuta za waliotangulia badala ya kuzibomoa, na matumizi hayo yaliendelea hadi karne ya 20. Hili ni jambo la kuzingatiwa na kila anayedai kwamba historia ya ukanda wa ziwa ni historia ya kabila moja kulifukuza jingine.

Serikali ya Kenya ililitangaza eneo hilo kuwa mnara wa kitaifa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2018 UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain. Ni haki kabisa. Lakini yafaa kuona kilichookolewa ni kipi. Kuta zimeokolewa kwa sababu kuta ndizo zinazoonekana. Vipimo vya urithi vilivyozaliwa katika nchi za majumba ya mawe huanza kwa kutafuta jiwe, na kwa bahati njema hapa jiwe lilikuwapo.

Magofu yanayolimwa

Fasihi ya Kiswahili ina shairi lake kuu la nyumba zilizoanguka. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, huyatazama majumba ya mawe ya Pate baada ya fahari yake kwisha, huyakumbuka madaka, taa na kumbi zake, kisha huyatumia kuuonya moyo juu ya udanganyifu wa dunia. Gofu la Pate ni hasara na ni onyo. Jiwe linapobaki bila mtu, macho huona kifo.

Kwa Kijaluo boma lililohamwa huitwa gunda. Ng'ombe wamelala hapo miaka mingi, majivu na takataka za jikoni zimemwagwa hapo, na udongo umekuwa mweusi wenye rutuba. Gunda hulimwa. Mahindi au mtama huota pale palipokuwa na zizi, na anayelima hutaja jina la mwenye gunda kila aendapo shambani. Tena jina hilo laweza kutumika katika mabishano ya ardhi, kwa sababu mwenye babu aliyezikwa hapo ana hoja. Bila shaka Al-Inkishafi isingeweza kutungwa na mtu anayetazama gunda. Picha zake zingekataa. Jambo hilo halipunguzi utukufu wa utenzi huo hata chembe, ila linaonyesha jinsi malighafi ya ujenzi inavyoweza kuamua sitiari za taifa.

Nyumba au nyumbani: kesi ya mwaka 1987

Yote haya yangebaki mambo ya makumbusho kama yasingefika mahakamani. Tarehe 20 Desemba 1986 wakili mashuhuri wa Nairobi, Silvanus Melea Otieno, alifariki. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Mwili ulikaa bila kuzikwa kwa siku 154 huku nchi nzima ikifuatilia kesi hiyo magazetini.

Mawakili wa pande zote mbili, John Khaminwa wa mjane na Richard Kwach wa ukoo, walijikuta wakibishania usanifu. Upande wa mjane ulisema marehemu alikuwa mtu wa kisasa: alikuwa na nyumba zake, alikuwa amemwoa Mkikuyu kwa ndoa ya kiserikali, alipenda Shakespeare na filamu za Perry Mason. Upande wa ukoo ulijibu kwamba majengo hayo, hata yangekuwa ya fahari kiasi gani, yalikuwa nyumba tu. Kwa Kijaluo yaliitwa ot. Hayakuwa dala, kwa sababu hakuna jogoo, shoka wala moto uliopelekwa huko, na hakuna baba aliyemwonyesha mwanawe mahali pa kujenga. Kwa hiyo, walidai, kwao bado kulikuwa Nyalgunga. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka ni miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi. Jaji Bosire wa Mahakama Kuu aliamua upande wa ukoo mwezi Februari 1987, Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwezi Mei, na mazishi yakafanyika Nyalgunga tarehe 23 Mei. Mjane hakuhudhuria.

Watu wengi waliisoma kesi hiyo kama vita kati ya mila na usasa, au kati ya makabila mawili, au kati ya mwanamke na wanaume wa ukoo. Yote hayo yalikuwemo, na la mwisho pengine kuliko yote, kwani mke aliyeishi na mtu zaidi ya miaka 20 aliambiwa kwamba nyumba waliyoijenga pamoja si makao. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha kuna la ziada. Mahakama iliendeshwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mawili tofauti kabisa kwa nyumba ya kulala na mahali pa asili, kama Kijaluo kilivyo na ot na dala. Lau kesi ingeendeshwa kwa Kiswahili, hoja ya ukoo ingelazimika kupita katika neno moja na kiambishi chake: nyumba na nyumbani. Ukiongeza -ni unapata mahali. Kimofolojia mahali hapo huzaliwa na jengo, jambo ambalo Umira Kager walikuwa wakilikana kwa nguvu zao zote: kwao jengo ndilo linalozaliwa na mahali.

Kiswahili hakikosi njia nyingine. Lipo neno kwetu, lisilotaja jengo lolote. Lipo kaya. Lipo mji, ambalo katika matumizi ya zamani lilimaanisha pia makao ya mtu na watu wake. Lipo boma, lililotumika katika makala haya kwa kukosa lililo bora, ingawa limebeba mzigo wa ajabu: neno lile lile lilitumika wakati wa ukoloni kwa ofisi ya mkuu wa wilaya, na hadi leo iko miji Tanzania ambamo kwenda bomani ni kwenda serikalini. Na neno nyumba lenyewe lina tabaka lisilosahaulika, kwani Waswahili husema nyumba kubwa na nyumba ndogo wakimaanisha wake, si vyumba. Hapo Kiswahili na Kijaluo hukutana, kwa sababu ot nayo humaanisha mke pamoja na kizazi chake, na koo za Wajaluo hugawanyika kwa kufuata nyumba za akina mama. Mfasiri anayeandika "nyumba" mahali palipo na ot na mahali palipo na dala pia huwa ameshaamua kesi bila kujua.

Siku hizi katika vijiji vya Siaya, Homa Bay na Kisumu nyumba za mviringo ni chache. Mabati yameondoa nyasi, matofali yameondoa fito, na pembe nne zimeshinda duara. Mnyaa umeng'olewa mahali pengi, pakawekwa waya wa seng'enge. Lakini simama katika lango la chuma la mstaafu aliyejenga karibuni, utaiona nyumba yake kubwa ikilitazama lango moja kwa moja, na kando ya lango kuna nyumba ya vyumba viwili yenye paa jekundu la mabati. Ukiuliza ni ya nani utaambiwa ni simba ya mkubwa wao, yuko Nairobi, huja Desemba.

Na Kisumu yenyewe, mji uliozaliwa na reli, ukaadhimisha miaka 100 mwaka 2001, umejaa nyumba za kupanga kuanzia Milimani hadi Nyalenda na Manyatta. Hakuna jogoo aliyebebwa kuuanzisha. Wakazi wake huuita Kisumu Dala. Na likizo ikikaribia, mpangaji wa Manyatta anayeagwa na jirani zake huwaambia kwamba anakwenda dala.